Nilijenga njia ya baiskeli ya udongo Mazwi isiyobomoka, na mvua ya kwanza nikatamani ibomoke

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, huwa nasoma, nacheka, napita. Leo naandika kwa sababu tangu juzi silali vizuri, na mke wangu amechoka kuniuliza nina nini.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza hata punje. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Sumbawanga watu wanajuana hadi kwa kengele za baiskeli.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite kwa amani, asije akaniambia niweke summary.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wa rika langu mnaikumbuka hali. Maduka ya watu binafsi yanafunguliwa kila kona, mitumba imejaa sokoni, redio kila nyumba, na huku maofisini tunaitwa mmoja mmoja kupewa barua za retrenchment, yaani kupunguzwa kazi.

Mimi nilikuwa technician wa barabara. Barua yangu niliipata Ijumaa, nikaiweka mfukoni, nikaenda kunywa chai kama kawaida. Nililipa nikaondoka, chai nikaiacha mezani.

Nilikuwa na mke, mtoto mmoja, na mwingine alikuwa njiani. Tulipanga vyumba viwili pale Mazwi, mjini Sumbawanga.

Niseme ukweli, niliogopa. Mke wangu alikuwa hanilaumu, na hilo ndilo lilikuwa linanitesa zaidi. Angenifokea ningepata nafuu.

Nikabangaiza. Nikafyatua tofali, nikachimba vyoo, nikapaka rangi baa. Ndipo ukaja mradi.

Mradi wenyewe sitautaja. Ulikuwa wa wafadhili, ofisi yao chumba kimoja na meza mbili. Wazo lao lilikuwa hivi. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa huru, kila mwenye lori Tanzania hii akawa anapanda huku kwetu Ufipa kununua mahindi. Malori yanaingia mjini kwenye barabara ile ile nyembamba ya vumbi, na mji mzima unatembea kwa baiskeli. Mkaa kwenye baiskeli, gunia kwenye baiskeli, dagaa wa Kipili kule ziwani kwenye baiskeli, mgonjwa anapelekwa hospitali kwenye baiskeli. Watu walikuwa wanagongwa, wakuu. Nilishuhudia mwenyewe mara mbili na sitaki kuyarudia hapa.

Mradi ukasema tujenge njia ya baiskeli peke yake, pembeni. Lami hakuna, zege hakuna. Tunachukua udongo wa hapa hapa, tunachanganya na saruji kidogo, tunashindilia mpaka unakuwa mgumu. Tunaanza na kipande cha mfano kutoka Mazwi kuelekea sokoni. Mvua kubwa ya kwanza ikikiacha salama, wageni kutoka kwa wafadhili wanakuja kukagua na mji mzima unajengewa. Kikibomoka, wanafunga virago.

Injinia wa mradi alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kunusa udongo kabla ya kuusemea. Aliniita akaniambia, "Kipande hiki ni chako. Kikisimama, una kazi ya kudumu. Kisiposimama, tutaagana vizuri."

Nilijibu, "Sawa injinia," kwa sauti ya mtu anayejiamini. Nikatoka nje, nikaenda moja kwa moja kukitembea kile kipande.

Sasa kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana najua kuna mafundi humu watauliza.

Udongo unaotakiwa ni ule mwekundu wenye changarawe, moramu. Udongo mweusi wa juu, ule wenye mboji, hautakiwi kabisa, saruji haishiki humo. Kwa hiyo kazi ya kwanza popote unapopita ni kukwangua weusi wote mpaka ukutane na wekundu.

Unachekecha moramu, toroli kumi kwa mfuko mmoja wa saruji, mnageuza kwa koleo mpaka rangi iwe moja. Halafu maji. Hapo ndipo watu wanaharibu. Unafinya tonge mkononi, unaliachia lidondoke. Likisambaa vumbi, maji hayatoshi. Likibaki limekaa tu kama ugali, umezidisha. Likipasuka vipande vitatu vinne, hapo sawa. Mnamwaga, mnashindilia kwa magogo yenye vyuma chini, kabla saruji haijaanza kukamata.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mmoja, tumwite mzee Ladislaus. Alikuwa na umri wa baba yangu, kafanya barabara tangu ujana wake. Lakini aliniita "bosi" siku zote na hakuna kitu alichokigusa bila neno langu. Nikimwambia, "Mzee, wewe fanya tu unavyoona," ananijibu, "Hapana bosi, wewe ndiye umepewa." Hii tabia yake muishike, maana ina kazi yake huko mbele.

Ukishamaliza kushindilia, unafunika kwa nyasi na kumwagilia siku saba ili kazi isikauke haraka na kupasuka. Hapa niwape kituko kidogo.

Ilikuwa kiangazi. Ufipa mwezi wa tisa ni upepo na majani makavu kila upande. Sisi tumelaza nyasi zimelowa vizuri, zinanukia, kipande kizima. Kulikuwa na Msukuma mmoja aliyehamia na familia yake kutoka huko kaskazini, Masanja, alikuwa anaswaga ng'ombe wake kwenda mnadani. Ng'ombe walipoona meza imeandaliwa, wakageuka wote. Nilimkuta Masanja amesimama katikati, anachapa huku, wanakula kule. Ananiambia, "Samahani sana bhana, hawa wameona kwato zao zimefika mbinguni." Kwato zilikuwa zimechimbua udongo ambao haujakamata, kazi ya siku tatu tukairudia, na usiku ule sikula. Ila baadaye nilicheka.

Haya, tuje kwenye chenyewe.

Njia ilitakiwa kupita mbele ya nyumba ya mama mmoja mjane, Mama Yustina. Alikuwa mtu wa kijijini Kate, aliolewa mjini, mume akafariki, wakabaki yeye na binti yake Yustina aliyekuwa shule. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, bati juu, imepigwa lipu ya udongo vizuri, safi kuliko nyumba nyingi za saruji. Jiko lilikuwa nje, limeinuka kidogo. Ardhi inateremka kutoka kwake kwenda bondeni, na sisi tulitaka ukanda wa chini, kati ya nyumba na bonde.

Fidia mradi haukuwa nayo. Nilienda kuomba tu. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage.

Akaniambia, "Mwanangu, hao wanaogongwa ni watoto wetu. Chukua. Ila nyumba yangu unaiona, ni udongo mtupu. Maji yakisimama ukutani siku moja tu, sina nyumba. Hilo tu ndilo naomba, maji yasije yakaingia ndani."

Nikamwambia, "Mama, niamini. Ndani hayaingii."

Nikarudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kwa furaha, tumepata eneo bure.

Sasa kwenye ukanda ule alikuwa na ntumba. Wasio wa kwetu niwaeleze. Ntumba ni tuta la duara la Kifipa. Unakwangua majani na udongo wa juu, unayafukia majani katikati, unapata kilima kidogo, unapanda maharage. Majani yanaoza ndani, yanakuwa mbolea. Msimu unaofuata unalibomoa, unasambaza ule udongo mzuri, unapanda nafaka. Ndivyo babu zetu walivyolisha nchi yao bila duka la mbolea.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Yale matuta ya Mama Yustina yalikuwa ya zamani. Yameota nyasi juu, yamekaa safu tatu, yamepishana, miaka na miaka hayajasambazwa. Mfipa yeyote akiona ntumba ambayo haisambazwi anapaswa kujiuliza inafanya nini pale. Mimi ni Mfipa, mama yangu amenilea kwa maharage ya ntumba. Nikapita juu yake na buti za mradi, sikujiuliza.

Niliona udongo mweusi tu. Nikasema, "Mzee Ladislaus, hii yote itoke."

Mzee aliyaangalia yale matuta muda mrefu kidogo. "Yote bosi?"

"Yote."

Tukakwangua. Majirani wakaja na ndoo kuchota udongo mweusi kwa bustani zao, wanatushukuru. Ardhi ikabaki tambarare, nyekundu, inapendeza. Ndipo nikachukua mpira wa maji nikapima usawa ili nijue karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya njia, likae wapi. Mafundi mmeshaliona kosa. Nilipima baada ya kusawazisha. Ile mifereji iliyokuwa inapita katikati ya matuta, ambayo ndiyo ilikuwa inatoa maji nyumbani kwa yule mama, nilikuwa nimeifuta kabla sijaipima. Vipimo vikaniambia sehemu ya chini iko hatua arobaini kule mbele, nami nikaweka karavati huko.

Mama Yustina alitoka akasimama na khanga yake. "Mwanangu, sasa maji yatapita wapi?"

Nikamwonyesha karavati kwa kidole. "Pale mama."

Akatazama kule, akatazama nyumba yake, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Tukajenga. Njia ikainuka shubiri moja na nusu juu ya ardhi ili isilowe kutoka chini. Ilipokauka, ukiipiga kwa nyundo inalia. Nilikuwa nakwenda jioni naigonga kwa kisigino kila hatua chache, nasikiliza. Watoto wa Mazwi walikuwa wananiigiza.

Baiskeli zikaanza kupita. Masanja alikuwa wa kwanza na madumu yake ya maziwa, anapiga kengele hovyo kama harusi. Watu wananipa mkono mitaani. Mimi nacheka nao, macho yako mawinguni.

Kwa sababu mvua ilikuwa bado.

Wakuu, sijui kama mmewahi kuogopa mvua mahali ambapo kila mtu anaiomba. Padri kanisani anaombea mvua, waumini wanaitikia, mimi nimefunga mdomo. Mke wangu ananibinya. Usingizini nilikuwa naota njia inayeyuka kama sukari. Nikisikia ngurumo upande wa milimani, naingia chooni. Naandika hivi nikiwa mtu mzima, sioni haya.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba njia itabomoka. Nyumba ya Mama Yustina haikuniingia akilini hata mara moja.

Mvua ndogo mbili zikaja, njia ikanywa kidogo ikakauka. Injinia akaja, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Akasema wageni wanakuja Jumatatu, na wangependa kuona kipande kizima, mwanzo mpaka mwisho.

Jumamosi mchana, saa nane hivi, mbingu ikafunga.

Nilikuwa site na mzee Ladislaus, tunafagia. Upepo wa baridi ukapita, halafu ukatulia kabisa. Halafu ikashuka. Mvua ya Ufipa ikiamua haina utangulizi, tena ilikuwa na mawe ndani yake. Tukajibanza kwenye banda letu la vifaa, tunaangalia.

Njia ilisimama. Maji yanaipiga ubavuni, yenyewe imetulia kimya. Hakuna hata kokoto iliyotoka. Nilianza kucheka peke yangu, nikampiga mzee begani. Nilisema, "Mzee, tumeweza!"

Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia upande wa pili.

Maji yote ya mteremko ule yalikuwa yanakuja, yanapita pembeni mwa nyumba ya Mama Yustina, yanafika kwenye njia yangu, yanakuta ukuta. Karavati liko hatua arobaini mbele na maji hayakuwa na habari nalo. Yakaanza kujaa. Bwawa, wakuu. Nilikuwa nimejenga bwawa, na bwawa linapanda kurudi nyumbani kwa watu.

Mama Yustina akatoka mbio na godoro kichwani, akalipeleka jikoni. Akarudi. Akatoka na mtungi. Akarudi tena. Yustina alikuwa shule ya bweni. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu, yakafika kwenye muundi.

Mzee Ladislaus akachukua sururu, akanipa mimi nyingine. "Bosi, tukate."

Tukatoka kwenye mvua. Tukasimama juu ya njia, mahali pale hasa pa kukatia, mbele ya mlango wake.

Sasa hili, wakuu, mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu. Mke wangu hajui. Padri hajui.

Nilisimama.

Sururu mkononi, mvua kichwani, nimesimama. Nikawaza Jumatatu. Nikawaza wageni wanataka kipande kizima, mwanzo mpaka mwisho. Nikawaza tumbo la mke wangu. Nikamwambia mzee Ladislaus, "Subiri kidogo. Mvua inakatika hii."

Mvua ilikuwa haikatiki, na nilijua haikatiki.

Mzee akaniangalia. Hakuinua sururu yake, maana sikuwa nimesema. Kwake ilikuwa ile ile, wewe ndiye umepewa. Tulisimama dakika arobaini, pengine zaidi. Naangalia maji yanapanda ukutani, naangalia lipu inavyobadilika rangi kutoka chini kwenda juu, na bado nasema moyoni, kidogo tu, kidogo tu.

Halafu ukuta wa chumba cha kulala ukakaa chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa tu, kama mtu aliyechoka, na bati likaning'inia juu ya kitanda cha marehemu mumewe. Mbegu zake zote za maharage zilikuwa mle.

Sikumuona mama. Nilipiga kelele nadhani, sikumbuki nilisema nini. Ndipo nikaanza kupiga ile njia.

Na yenyewe ikagoma. Kazi yangu nzuri ile! Sururu inaruka, inatoa cheche, viganja vinachanika. Tulikata kama nusu saa, mzee na mtaimbo, mimi nalia na kupiga. Tulipofungua upenyo wa hatua moja, maji yakajisukuma yenyewe, yakaondoka bondeni kwa kelele, na uwanja wa mama ukakauka ndani ya muda mfupi tu. Nusu saa hiyo tungeianza mapema, ukuta ungekuwepo.

Mama Yustina alikuwa jikoni, mzima. Alitoka akanishika mikono, akaona damu, akachana kipande cha khanga yake akanifunga. Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo ukafunguka, likatoka neno, "Pole mama."

Jumatatu wageni wakaja na gari mbili. Wakatembea mpaka wakafika kwenye lile pengo. Injinia akauliza, "Nani kavunja?"

Nikasema, "Mimi."

Kabla hajasema lingine, Mama Yustina akatoka kwenye umati wa majirani. Akasema kwa sauti, kila mtu anasikia, "Huyu kijana alipoona tu maji yananifuata, aliacha kila kitu akakamata sururu. Amevunja kazi yake mwenyewe kuniokoa. Mimi ni mzima kwa sababu yake."

Mzee Ladislaus alikuwa pembeni yangu. Akaangalia chini, akakohoa, basi.

Nilinyamaza.

Injinia akapiga magoti kwenye pengo, akagusa zile kingo tulizokata, akajaribu kuzimega, zikakataa. Akanusa. Akawaambia wageni kwamba hii imevunjwa na watu wawili kwa nusu saa na vyuma, mvua haikuiweza. Akasema tatizo ni njia ya maji, si udongo. Mahali pale tukatengeneza kivuko cha chini, njia inashuka polepole mpaka usawa wa ardhi na kupanda tena, maji yanapita juu yake. Na ikawa sheria ya mradi, kabla hujagusa tuta la mtu unapima kwanza, na unamuuliza mwenye nyumba maji yake yanapita wapi.

Kazi nikapata. Nikaitwa mfano wa kuigwa. Nimejenga njia za udongo Sumbawanga na Nkasi, na kila nilipotambulishwa watu walisimuliwa ile hadithi ya kijana aliyevunja kazi yake kumwokoa mjane. Nimepigiwa makofi kwa hiyo hadithi, wakuu. Nimekula pilau kwa hiyo hadithi.

Kile chumba nilimjengea upya mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, kwa tofali za moramu na saruji. Mama akawa ananishukuru, na kila shukrani yake inaniingia kama mwiba chini ya ukucha. Tukawa ndugu. Kila Krismasi niliyokuwa Rukwa nilikwenda kwake na sukari na khanga, ananipikia, tunapiga stori, naondoka. Njiani nakwenda nimejiapiza kwamba leo nasema. Njiani narudi najitukana.

Mzee Ladislaus alifariki kabla yake. Hakuwahi kulitaja lile jambo, kwangu wala kwa mwingine ninayemjua.

Mama Yustina naye alitangulia miaka mitatu iliyopita. Nilibeba jeneza. Sikuwa nimesema.

Sasa juzi Yustina kanipigia simu. Siku hizi ni mwalimu, yeye ndiye mwenye ile nyumba. Anacheka. Anasema wanabomoa wajenge ya kisasa, na kile chumba changu kimewashinda mafundi, wanauliza nilichanganya nini.

Sijui nini kilinipata. Labda ni ile kucheka kwake. Nikamwambia, "Dada, ngoja nikuambie kitu." Nikamwambia chote. Nilivyosimama. Nilivyosema subiri kidogo. Ukuta ulivyokaa.

Nikajua tayari, nimempoteza na huyu.

Akasema, "Kaka, mama alikuona."

Nikamwuliza, "Aliniona wapi?"

"Mlangoni mwa jiko. Alikuona umesimama na mzee na sururu zenu tangu ukuta ukiwa mzima. Aliniambia niliporudi likizo."

Nikamwuliza kwa nini basi mama aliwaambia wageni vile.

Akasema, "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema mke wako alikuwa na mimba."

Yustina akaendelea, taratibu, namsikia anavuta kamasi.

"Ila alikuwa anangoja umwambie. Kila Krismasi ukija, ukishaondoka, alikuwa anafunga mlango, anakusanya sahani, anasema, na leo hajasema."

Miaka yote hiyo nilikuwa nakula wali wa mtu anayejua. Ananiongezea nyama, ananiuliza watoto, ananiacha nafasi ya kuongea, mimi nazungumzia bei ya saruji.

Funzo langu ni hilo, sina la kitaalamu. Kama kuna mtu ulimkosea na bado anapumua, funga uzi huu, mpigie. Usingoje siku nzuri, mimi nilizipata siku nzuri karibu ishirini nikazila zote.

Jumamosi hii nakwenda Sumbawanga, Yustina amenialika kuangalia msingi mpya. Nitapitia makaburini kwanza. Sijui mtu anaanzaje kuongea pale, kama kuna aliyewahi kufanya hivyo naomba aniambie alianza na neno gani.

Wa kunitukana pia karibuni, sitajibu kwa hasira.